Kasi ya bastola kwenye mechi ni mkono ama ni chombo? Nataka kuuza sehemu yangu ya mashua

MwanaWiyoni

Asalaam aleikum wanaukumbi. Mie niko Lamu, Wiyoni, nasoma hapa zaidi ya mwaka lakini leo ndo naandika mara ya kwanza. Nina bastola ya kawaida ya 9mm, cheti kiko sawa nahuisha kila mwaka, na tangu mwaka jana nimeanza kwenda mechi za bara, zile za kuchomoa na kupiga kwa taima, manake huku kisiwani renji hatuna, kila safari ni boti mpaka Mokowe halafu basi usiku kucha.

Mechi ya mwisho walituwekea ile El Presidente. Kwa asiyeijua: shabaha 3 zimepangwa sambamba umbali wa yadi 10, umezipa mgongo na mikono iko juu, bipu ikilia unageuka unachomoa unapiga 2 kila shabaha, unabadilisha magazini, unapiga tena 2 kila shabaha. Risasi 12 basi. Mie nikamaliza kwa 9.50. Nyuma yangu akaja jamaa na bastola ya mashindano yenyewe, ina kompensata mbele (kidude cha mdomo wa mtutu cha kuzuia usiruke) na doti juu (saiti ya nukta ya mwanga), akamaliza kwa 5.80 na alama karibu zote. Sikuamini. Baada ya mechi akanipa niijaribu, Mungu ambariki, na wallahi niliposhika ile kitu nilihisi kama haina hasira kabisa, mtutu hauruki, unapiga na ile doti inatikisika kidogo inarudi palepale.

Sasa nina sehemu kwenye mashua na kaka yangu mkubwa, kuna mtu anaitaka sehemu yangu na pesa yake inatosha bastola kama ile na risasi za kuanzia. Kaka anasema nikiuza nitajuta. Mie naona mwaka mzima nimesimama palepale na chombo ndo kinanizuia. Watu wazima wa huu mchezo niambieni ukweli, kasi inatoka wapi? Picha za taima za raundi zote mbili ninazo, bastola yangu na ile ya kuazima, ntaziweka hapo chini.

KasiTupu

Nunua kaka. Watu watakuja hapa kukwambia mkono mkono mkono, lakini historia iko wazi. Miaka ya mwanzo ya 1990 doti zilipoanza kuingia kwenye mechi kubwa juu ya bastola zenye kompensata, wale waliobaki na saiti za chuma waliachwa wakashika mkia, ndo ikabidi wagawanye madaraja, Open, daraja la bastola za mashindano, kivyake na wengine kivyao. Kama chombo hakina maana kwa nini watenganishe watu? Sheria yenyewe inakiri. Hapo kwenye IPSC, shirikisho la dunia la mchezo huu, daraja la Production la bastola za kawaida hauruhusiwi doti, hauruhusiwi kompensata, magazini unajaza risasi 15 tu. Mtu wa Open yuko huru, kwa hiyo mtu wa Production akijipima na mtu wa Open anajionea bure.

MwanaWiyoni

Haya namba ndo hizi.

Bastola yangu: risasi ya kwanza 2.10. Kati ya risasi mbili za shabaha moja kama 0.25 kila mara. Kutoka shabaha moja kwenda nyingine 0.70. Kubadilisha magazini mpaka risasi inayofuata 3.10. Jumla 9.50. A, za katikati ya shabaha, ni 8, C, za pembeni yake, ni 4.

Ya kuazima: risasi ya kwanza 2.45. Kati ya risasi mbili 0.20. Shabaha kwa shabaha 0.70. Magazini 2.90. Jumla 9.35. A 7, C 4, moja ilikwenda nje.

AmiMkomani

Mwanangu umefanya jambo la maana sana kuleta hizo namba, wengi huja na hisia tu. Mie nilikuwa kazini na silaha miaka mingi, baadaye nikawa nasimamia steji, yaani vituo vya kupigia, na taima mkononi nyuma ya wapigaji, sasa nimerudi nyumbani Mkomani nimetulia. Nitakuandikia kirefu uwe na subira.

Kwanza zijumlishe vizuri. Ile bastola ya hela ya mashua imekupunguzia sehemu 5 za mia kila jozi, jozi ziko 6, hiyo ni 0.30 ya sekunde. Kwenye magazini imekupa 0.20, mdomo wa mpini wake umepanuliwa. Halafu kwenye risasi ya kwanza ikakunyang'anya 0.35 kwa sababu ulipoinua ulikuwa unaitafuta doti, haiko, unazungusha kifundo cha mkono kama mtu anatafuta funguo gizani. Kila anayetoka saiti za chuma hupitia hapo. Kwa hiyo faida yako yote ni 0.15. Na shabaha kwa shabaha 0.70 na 0.70, haikusogea hata unywele.

Sasa alama. Mchezo huu hesabu yake ni alama gawanya kwa sekunde. Kwa bastola yako, A 8 za alama 5 ni 40, C 4 za maina (risasi za nguvu ndogo, alama 3) ni 12, jumla 52, gawanya 9.50 unapata 5.47. Ya kuazima hata nikuhesabie kwa meja (risasi za nguvu kubwa), C iwe alama 4 badala ya 3, unapata 35 na 16 ni 51, toa 10 ya ile iliyokwenda nje ni 41, gawanya 9.35 ni 4.39. Yaani ulihisi umepaa kumbe umeshuka. Hiki ndo ninachotaka ukione. Bastola laini inakupa raha mkononi na ile raha unaidhania ni kasi.

Weka sasa namba zako pembeni ya mtu wa 5.80. Hajakuacha kwenye kupiga. Hata jozi zake zote 6 ziwe 0.18, kwenye kupiga kwenyewe amekushinda 0.42 tu, na wewe amekuacha 3.70. Sekunde 3 na zaidi zimepotea kwenye kuchomoa, kwenye macho kuhama na kwenye magazini, na hapo kote hakuna risasi inayotoka, kompensata itafanya kazi gani? Kile kidude kinaishi kwa moshi, gesi ya baruti inatokea juu inausukuma mtutu chini. Risasi isipolipuka hakina msaada wowote. Na uijue hii pia, kinataka risasi zenye nguvu, kwa Open meja kipimo cha nguvu ya risasi ni kuanzia 160, ukiweka risasi dhaifu za bei rahisi gesi haitoshi na umebeba chuma kizito mbele bure.

Wewe ni mtu wa mashua hebu nikuulize, mashindano ya mashua hapa mbele ya mji yanashindwa wapi? Kwenye kwenda na upepo mashua zote zinakimbia, tofauti ni ndogo. Zinaachana kwenye kubisha. Nahodha mmoja akigeuza foromali na watu wake wameshahama ubavu, mwingine watu wanagongana, tanga linapiga makofi, mashua imesimama. Tanga jipya halikusaidii hapo. Hizo 0.70 zako ni kubisha kwako.

Mambo matatu ya kufanya, na yote nyumbani bila risasi hata moja. Bastola tupu, umeikagua mara mbili kwa jicho na kwa kidole, na risasi halisi ziko chumba kingine zimefungiwa, hili silitanii.

Macho. Bandika karatasi 3 ndogo ukutani. Watu wanaokawia huwa wanalifuata saiti kwa macho, wanaliburuta kutoka karatasi hii mpaka ile. Macho yaruke kwanza, yatue katikati ya shabaha inayofuata, mahali padogo kama kifungo cha shati, bastola itakuja yenyewe. Mwanzo utaona haiji sawa, baada ya siku chache itakuja.

Kuchomoa. Ile 2.10 yako sehemu ni kugeuka, sehemu ni sikio, manake kutoka bipu mpaka mwili kuanza tu inakwenda karibu 0.20 na hiyo hakuna anayeikwepa. Zinazobaki ni mshiko. Mkono ukiingia vibaya kwenye mpini bastola ikiwa bado ndani ya hosta, huwezi kuurekebisha hewani, utafika mbele unahangaika. Shika juu kabisa, nyama ya kati ya gumba na shahada ibane chini ya mkia wa bastola, hapo ndo uinue.

Magazini. Hapa ndo hazina yako ilipo, 3.10 ni nyingi mno. Unapoivuta magazini kiunoni kidole cha shahada kilale mbele yake mpaka ncha yake iguse risasi ya juu, kwa mazoezi tumia za bandia. Bastola usiiteremshe mpaka tumboni, ibaki usawa wa kidevu, ipinde kidogo ili tundu la mpini ulione, na macho yako yatazame lile tundu, sio shabaha. Kidole kinaelekeza magazini kama unavyoelekeza kitu kwa mtu. Fanya polepole mara 10, halafu kwa taima. Dakika 15 kila usiku zinatosha, ukichoka acha, mkono uliochoka unajifunza makosa.

Mashua usiuze kwanza.

KasiTupu

Ami heshima yako, hesabu nimeikubali na sikuijumlisha mwenyewe kabla ya kujibu. Lakini usimfanye kijana aamini chombo si kitu. Kule juu wakishatoshana mkono hizo 0.30 ndo ubingwa wenyewe. Na kwenye shabaha za mbali ama ndogo doti inasaidia kweli, hasa kwa macho ya mtu wa miaka 45 kwenda juu asiyeiona saiti ya mbele vizuri.

AmiMkomani

Hapo sina ubishi na wewe kaka, macho yangu mwenyewe yameshafika huko. Mtu akishatoshana mkono na wenzake anunue. Huyu hajafika.

Na tukisema kasi tupu tuwataje wenyewe. Ed McGivern wa Montana, mwaka 1932, risasi 5 kwa sekunde 0.45 kutoka futi 15 na matundu yote yanafunikwa na sarafu. Revolva. Jerry Miculek mwaka 1999, risasi 8 kwa sekunde 1, naye revolva, na mwaka huohuo akapiga 6, akajaza, akapiga 6 nyingine, zote 12 kwa 2.99. Triga ya revolva mnaijua, unaivuta safari ndefu na nzito kila risasi, inazungusha silinda na kupandisha nyundo kwa kidole kimoja. Kama kasi ingekuwa ndani ya chombo basi chombo kile kingekuwa cha mwisho kuchaguliwa.

KasiTupu

Sawa lakini ile 2.99 ya Miculek ina siri ya chombo ndani yake. Ile revolva ilikuwa ya .45 ACP, risasi zake 6 zinakaa kwenye kipete cha chuma chembamba, anaziangusha zote kwa mpigo mmoja kwenye silinda. Mpe revolva ya kuingiza risasi mojamoja uone kama atafika hata sekunde 6. Kwa hiyo mkono wake ndio, na kile kipete pia.

AmiMkomani

Umesema kweli tupu, na ni hoja nzuri kuliko ile ya kompensata. Kipete kiliondoa muda kwenye kujaza, pale ambapo muda ulikuwa unapotea kweli. Ndo chombo cha kununua, kile kinachogusa pahali panapovuja. MwanaWiyoni kwake panapovuja ni kiunoni na machoni, kwa hiyo akitaka kutoa hela ataanza na hosta nzuri ngumu na mifuko ya magazini inayokaa wima kwenye mkanda imara, sio mkanda wa suruali unaocheza. Na taima yake mwenyewe. Vyote hivyo havifikii bei ya mashua.

Ushahidi mwingine mtazame Steel Challenge, mechi ile ya kupiga sahani za chuma iliyoanza California mwaka 1981. Ni chuma 5 kila steji, karibu zote unapiga mara 5 wanatupa ile mbovu, wanajumlisha muda peke yake. Kule kuna madaraja ya bastola za .22, risasi ndogo, hazina teke la maana, na hawachomoi hosta, wanaanza bastola iko mkononi imeelekezwa chini mbele. Teke limeondolewa, kuchomoa kumeondolewa. Kwenye Smoke & Hope, moja ya steji zake, mabingwa wanamaliza raundi chini ya sekunde 2, na anayeanza na .22 hiyohiyo anahangaika mara mbili ya muda huo na zaidi. Kilichobaki kati yao ni macho na kujua kuiacha shabaha ikishapigwa.

BintiBarani

Salaam kutoka Malindi. Nimesoma yote nikaona kuna jambo hamjaligusa na lilinitesa mie karibu mwaka. Mnasema mkono ama chombo, lakini kuna pale mkono na chombo vinapokutana.

Mkono wangu mdogo. Bastola niliyopewa ushauri ninunue ni nzuri, kila mtu anaisifu, lakini kidole changu kilikuwa kinafika kwenye triga kwa ncha, karibu na kucha. Napiga kwa mkono wa kulia na kila nikiharakisha risasi zinakwenda kushoto, chini kushoto, C, D, na mara nyingine nje. Mwalimu mmoja pale renji akawa ananambia naogopa mlio, nafumba macho, nisubiri nizoee. Nikazoea mlio na risasi zikaendelea kushoto. Nililia siku moja ndani ya gari nataka kuacha kabisa, manake nilikuwa nafanya mazoezi kila siku na naambiwa tatizo ni moyo wangu.

Mama mmoja kwenye skodi yetu, kikundi tunachopiga pamoja, mpigaji wa zamani, akaniomba nishike bastola tupu nimwonyeshe. Akatazama kidole tu. Hakutazama macho yangu. Akaniuliza, kile kipande cha nyuma cha mpini kilichokuja ndani ya boksi, kile chembamba, uko nacho? Nilikuwa nacho kwenye droo, sijawahi kukitoa kwenye nailoni. Tukasukuma pini moja tukabadilisha hapohapo kwenye meza ya usalama, na kidole changu kikatua katikati ya pedi yake kama kilivyotakiwa tangu mwanzo. Kundi la risasi likarudi katikati siku ileile. Bei yake sifuri.

Kwa hiyo kaka yangu wa Wiyoni kabla ya kuuza kitu chochote tazama unavyoshika. Mtu mwingine akupige picha kutoka juu na kutoka ubavuni. Mtu wa kukufundisha akikwambia tatizo ni uoga kabla hajautazama mkono wako, tafuta mwingine.

AmiMkomani

Mashallah binti, hili nililiruka na halikufaa kurukwa. Nimesimamia steji nikawaona wengi kama ulivyokuwa na nikadhani ni uoga. Nimelipokea.

FundiLangoni

Naongeza moja ya watu wa pwani. Mie sipigi mechi ila nashughulika na vyuma maisha yangu yote. Adui wa bastola ya kisiwani ni chumvi. Hewa ya hapa inakula chuma ukiwa umelala. Spring za magazini na midomo yake, vipini vidogo vya saiti, ndani ya mtutu. Ukitoka Lamu umeifuta kwa nje inang'aa, ukafika bara ikakwama risasi ya nne, hiyo ni sekunde 3 ama 4 umezitupa na hakuna mazoezi ya macho yatakayozirudisha. Fungua magazini zote, toa spring, pangusa, mafuta kidogo sana, manake yakizidi yanakamata mchanga. Ziandike namba kwa rangi, 1 2 3, ili ikikwama ujue ni ipi. Ile inayokwama mara 2 iwe ya mazoezi tu.

MwanaWiyoni

Nimerudi baada ya wiki 7. Nawashukuru wote, Mungu awalipe.

Nimefanya kila usiku isipokuwa siku za bahari chafu tuliposhindwa kurudi Wiyoni. Karatasi 3 ukutani, ukuta wetu wa mawe ya zamani una mabonde kwa hiyo nilizibandika kwenye ubao. Wiki ya kwanza niliona ni kupoteza wakati, magazini ilikuwa inagonga ukingo wa mpini, tak, tak, mama anauliza ninapigilia misumari gani usiku. Nilikuja kugundua kwamba nilikuwa natazama ukutani wakati wa kubadilisha, sio tundu. Siku nilipolitazama tundu lenyewe magazini iliingia bila kugusa pembeni, na sauti yake ikawa nyingine, moja tu, nzito. Nikarudia mpaka naijua kwa sikio.

Kwa FundiLangoni, magazini yangu namba 2 ndo ilikuwa na kutu ndani, spring ina mikunjo ya rangi ya chai. Nilikuwa nayo mwaka mzima. Kwa dada BintiBarani, nimepigwa picha na mkono wangu uko sawa kwenye triga, lakini mkono wa kushoto ulikuwa umeacha mwanya kwenye mpini, unaonekana ngozi nyeusi ya bastola katikati, nimeuziba.

Juzi nilikwenda bara, tukapiga El Presidente ileile, bastola yangu ileile, hosta mpya na mkanda mpya tu. Risasi ya kwanza 1.65. Jozi 0.24. Shabaha kwa shabaha 0.52. Magazini 2.25. Jumla 7.42, A 9, C 3, alama 54. Gawanya mwenyewe Ami, mie nimepata 7.28 kutoka 5.47.

Jozi zangu zimeshuka sehemu 1 ya mia tu. Nilikuwa nataka kuuza mashua kwa ajili ya hiyo sehemu.

Kaka nimemwonyesha picha za taima mpya na za zamani, zimewekwa pamoja. Amezitazama muda mrefu hakusema neno juu ya mashua, akauliza tu, hiyo 2.25 ya magazini inaweza kushuka mpaka ngapi?

AmiMkomani

Ukiwa umesimama pahali pamoja, 1.50 inafikika kwa bastola hiyohiyo. Mwambie akushikie taima.